Namba Chini ya Kuku

Shangazi yangu alikuwa mtu wa kwanza mtaani kwetu Nguvumali kumiliki kompyuta, na wa kwanza vilevile kuivisha nguo. Aliishonea magauni mawili ya kitambaa cheupe chenye maua, moja la kioo na moja la lile sanduku lake la chini. Kila asubuhi kabla ya kuiwasha aliivua taratibu, akayakunja magauni na kuyaweka juu ya kiti ambacho hakuna mteja aliyeruhusiwa kukikalia. Mimi, mpiga chapa wake, nilikatazwa kabisa kunywa chai karibu nayo. Yeye mwenyewe alikunywa, kwa hoja kwamba mkono wake hautikisiki.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo ruksa ya kuleta bidhaa kutoka nje ilikuwa imeshakolea. Maduka ya Ngamiani yalikuwa yamejaa vitu ambavyo zamani kidogo tulivisikia tu kwa watu waliovuka mpaka kwenda Mombasa, na wengine wakavirudisha wamevivaa mwilini, suruali tatu juu ya nyingine, kwenye joto lile. Shangazi alipotoka eda alikaa akafikiri, kisha akauza bangili zake za dhahabu. Akaenda Dar es Salaam na kurudi na kompyuta na mashine ya kuchapia. Chumba cha mbele kikawa ofisi. Baba yangu, ambaye ni kaka yake, alikuja akaizunguka ile kompyuta akiwa amefunga mikono nyuma, akasema dada yake ameuza dhahabu akanunua televisheni isiyoonyesha mpira.

Tulichapa barua za maombi ya kazi na mitihani ya shule, lakini kazi aliyoipenda shangazi ilikuwa kadi za harusi. Juu Bismillahi, pembeni mawaridi mawili, chini maneno ya kumwalika fulani na familia yake. Mpaka hapo watu wa Tanga walikuwa wakiandikiwa kadi kwa mkono na bwana mmoja mwenye hati nzuri na ulimi mbaya, na shangazi alikuwa amemnyang'anya wateja kwa yale mawaridi. Mtu akitoka kwetu na bahasha zake kifuani, shangazi alimsindikiza hadi kwenye ngazi akimwangalia kama anayemtoa bibi harusi mwenyewe.

Basi Mfungo Mosi ukaingia, Idi ikapita, na pwani nzima ikataka kuoana kwa pamoja. Tulikuwa tumepokea kazi za Pongwe, za Chumbageni, na moja kubwa ya watu wa Kigombe waliotaka majina ya wazee wote wa pande mbili yaandikwe, asisahaulike hata mmoja. Nilikuwa katikati ya wazee wa Kigombe kioo kilipoharibika. Kwanza mistari ilipita, nikadhani ni umeme. Halafu waridi likageuka kijani, maneno yakapandana, na kioo chote kikawa kama kanga mbovu iliyochuja kwenye maji ya kwanza. Nikazima, nikawasha. Ikachuja tena.

Shangazi alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Akaweka kikombe chini, akaisomea kompyuta alichoisomea, akaipulizia, kisha akaniambia niwashe tena. Kioo hakikubadilika. Ndipo akakumbuka garantii.

Alipokuwa ananunua, watu wa duka la Dar es Salaam waliahidi kwamba kitu chochote cha ndani kikifa kabla ya mwaka kwisha watampa kingine. Baba alicheka sana siku ile alipoelezwa. Kwa maisha yake yote, alisema, kila risiti aliyowahi kupewa imeandikwa kwamba mali ikiuzwa hairudishwi, na muuzaji anayeahidi kinyume chake ama ni mlevi ama anafunga duka kesho. Shangazi alimwambia ataona. Sasa mwaka ulikuwa unakwisha Jumamosi, na hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi ikipita, bangili zake zingekuwa zimekwenda, kompyuta ingekuwa meza ya kuwekea magauni, na sisi tungelazimika kuwapeleka watu wa Kigombe kwa yule bwana mwenye ulimi mbaya. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya avae baibui bila kumaliza chai yake.

Simu ya karibu ilikuwa kwenye duka la dawa, nyumba ya tatu. Alirudi upesi kuliko nilivyotarajia, akanipita, akaingia chumbani kwake na kuanza kupekua kasha. Nikamfuata kuuliza wamesemaje. Wamesema, aliniambia huku kichwa kikiwa ndani ya kasha, kwamba kilichokufa ni kadi, na wanataka namba ya kadi ya picha ili waangalie kama haki yake bado ipo.

Nami nikaona ni jambo la maana tu. Mnisamehe. Sisi tulikuwa watu tuliolelewa na kadi. Enzi za dhiki hukupata sukari bila kadi ya duka, hukupata kanga bila mtu kuuliza kadi yako iko wapi, na ulipokuwa nayo bado ulisimama foleni toka alfajiri, au ukaliacha jiwe lako likusimamie, halafu ukafika dirishani ukaambiwa imekwisha, njoo kesho. Shangazi alikuwa na kadi za kila aina na hakuna hata moja aliyoitupa. Akaibuka na ile ya chama, iliyobandikwa picha yake akiwa msichana mwenye mashavu, akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio. Alisema inashangaza, vyama vimekuwa vingi na bado wanaitaka hii. Tukaenda wote kwenye simu.

Akamsomea karani wa lile duka la Dar es Salaam namba ya uanachama, tarakimu moja moja, kwa sauti ya mtu asiye na cha kuficha. Nilikuwa nimesogeza sikio, nikamsikia karani akiuliza kwa upole kadi hiyo ina rangi gani.

"Ya kijani," shangazi akasema. "Na picha ni yangu mwenyewe, ingawa nimenenepa."

Karani alikuwa mtu wa adabu. Alikohoa kwanza, kisha akaeleza tena pole pole. Kadi anayoitaka haina sura ya mtu. Ni kipande kilichomo ndani ya kompyuta, kazi yake kupeleka picha kwenye kioo, na kina namba yake kiliyozaliwa nayo. Lakini msifungue, akasema, kwa sababu nyuma kuna karatasi ya muhuri, ikichanika tu garantii imekufa papo hapo. Nikamuuliza kwa hasira, maana mimi nina hasira za karibu, namba iliyo ndani tutaisomaje bila kufungua. Akajibu kwamba namba zote za vitu vya ndani zimeandikwa pia kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ubavuni mwa boksi. Bila shaka tunalo boksi.

Shangazi akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kumuuliza yeye kama analo boksi ni kumuuliza bahari kama ina chumvi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na watu waliopita miaka ile ya kukosa hawatupi kopo wala kamba, sembuse boksi jipya gumu lililotoka ng'ambo. Akiba haiozi, alikuwa akituambia, kila tulipojikwaa kwenye akiba zake. Tatizo, akakumbuka tukiwa njiani, ni kwamba boksi hilo ameliazimisha. Na aliyeliazima ni kuku.

Nyuma ya nyumba yetu alikaa mama mmoja wa Kipemba, aliyeolewa Tanga zamani akabaki na lahaja yake na kuku wake, vyote viwili akivitunza kwa wivu. Tulimkuta anapepeta mchele. Baada ya salamu ndefu, maana kwake huwezi kuingia na shida mkononi bila kuuliza habari za watu wa nyumbani mmoja mmoja, shangazi akasema amefuata boksi. Mama akaweka ungo chini. Akatueleza kwamba kuku ameatamia, amekaa vizuri, mayai yako karibu kuanguliwa, na kuku huyu ni mwenye hasira, akiinuliwa sasa hatarudi tena. Shangazi akamweleza habari za Jumamosi, na bangili, na wazee wa Kigombe. Mama akasikiliza akitikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Mie sikukatazi kusoma, mwenzangu," akasema. "Soma weye mpaka uchoke. Ila kuku wangu hainuliwi."

Tukaingia bandani. Boksi lilikuwa pembeni kabisa, limebanwa na ukuta wa pande mbili, na kuku mwekundu yumo ndani amejaa kote, akitutazama kwa jicho moja. Karatasi nyeupe haikuonekana upande wowote wa mbele. Bila shaka ilikuwa upande wa ukutani, kwani duniani mambo ndivyo yanavyopangwa. Mimi nilipendekeza tulivute. Yule mama akanitazama nikaona haya.

Aliligeuza mwenyewe. Alichuchumaa, akashika boksi kwa viganja viwili, akawa analizungusha kidogo kidogo huku akimwimbia kuku maneno ambayo sikuyajua, sauti ya chini ileile, na kuku akazungushwa nalo kama mheshimiwa kwenye kiti. Mara mbili alinyanyua manyoya ya shingo. Mara mbili mama aliacha, akangoja, akaanza upya. Shangazi, ambaye hajawahi kumngoja mtu yeyote, alisimama ameshika pumzi na kiganja changu pamoja. Karatasi ilipojitokeza ilikuwa imechafuka kona moja, lakini mstari wa kadi ulisomeka wote. Nilijilaza kifudifudi kwenye pumba, uso wangu na mdomo wa kuku hatua moja, nikasoma, na shangazi akaandika kwa wanja kwenye kiganja chake kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuja na kalamu.

Tukatoka mbio. Yaani mimi nilitaka kukimbia, yeye alikuwa ameinua mkono juu asifute namba, anatembea kama mtu anayeapa mahakamani. Watu wakatusalimia, hatukuitika vizuri. Dukani tukapata simu, na karani yuleyule, na shangazi akaanza kusoma.

Sasa hapa lazima nieleze. Shangazi alisoma shule za zamani, ambako herufi ziliitwa kwa majina yake ya Kiswahili, a, be, che, de, e, fe, ge. Karani wa kompyuta alizijua kwa majina ya Kiingereza. Shangazi alipotamka "e," karani akaandika A, maana kwa Kiingereza ndiyo inayoelekea kuitwa hivyo. Alipotamka "i," akaandika E. Na ile "ge" ya kwanza, Mungu ndiye anajua yule bwana aliandika nini. Akaenda kuangalia, tukasikia vidole vinagonga kule, akarudi na kusema kwa masikitiko kwamba namba hiyo haipo. Kadi hiyo hawajapata kuiuza.

Nilimwona shangazi anavyonywea. Aliitazama namba mkononi, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama tena. Nikampokonya simu. Nami nilikuwa nimesoma herufi za Kiingereza, nikazimwaga zote kwa kujidai. Nilipotamka A yake, laini ikakoroma, karani akasikia "eight", akaandika nane. Namba haipo. Nikarudia kwa kupiga kelele, muuza dawa akaniomba nikumbuke kwamba kuna wagonjwa. Haipo. Nikaanza kumwambia karani maneno ambayo si ya kuandikwa, na yeye badala ya kukata simu akaomba nimrudishie mama.

"Mama," akasema, na sasa alikuwa anazungumza kwa nguvu hata sote tulisikia, "hebu tusahau herufi. Hiyo ya pili, E, ni E ya nini?"

Shangazi hakufikiri. "E ya embe."

"Ahaa. Na ya kwanza?"

"Ge ya gimbi."

Kule tukasikia kicheko na kalamu inayofuta. Basi ikawa hivyo. Nne, akasema shangazi, nne ya kawaida. Kisha A ya achari. Duka zima likageuka. Mzee aliyekuja kununua dawa ya kifua akanong'ona achari ya ndimu, na shangazi akamwambia karani kwamba ni ya ndimu, karani akasema ameelewa. B ya bajia. K ya kachori. Saba. Karani akalalamika kwamba hajala tangu asubuhi na mama anamtesa. Mimi nilikuwa ninashikilia kiganja cha shangazi kisitoe jasho, na nilikuwa ninacheka mpaka machozi, na muuza dawa naye ameacha kuhesabu vidonge vyake.

Halafu tukafika kwenye X.

"Eksi," shangazi akasema.

"S ya sukari?"

"Si ya sukari, mwanangu."

"Basi ya nini?"

Shangazi akainua kichwa. Akatutazama. Mzee wa dawa ya kifua akaanza kutafuta akiangalia dari. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alitafuta kimoyomoyo, midomo ikicheza. Hakuna. Pwani nzima, kuanzia kwa Wadigo mpaka kwa Wapemba, na vyakula vyote tulivyoletewa na Waarabu na Wahindi, hakuna kinacholiwa kinachoanza na herufi ile.

"Haipikiki hiyo," shangazi akasema hatimaye. "Ni mkasi."

Karani akaandika M.

"Si M ya mkasi, baba. Mkasi wenyewe. Mkasi uliofunguka."

Kisha karani akatoa sauti kama aliyekanyagwa, na nilijua ameiona. Shangazi alipotamka "i" ya mwisho, karani alimalizia mwenyewe, I ya iliki, na shangazi akamsifu. Vidole vikagonga tena. Dukani hakuna aliyetikisika, hata yule mtoto mgongoni. Nakumbuka nilikuwa naomba dua, na sikuwa ninaombea kompyuta. Nilikuwa naomba mwanamke huyu asiambiwe tena kwamba haipo.

"Imo," karani akasema. "Nimeiona. Garantii yake ni mpaka Jumamosi, na nimeshaandika kwamba umepiga leo. Hata ukija wiki ijayo kadi yako inakungoja."

Sikumbuki nani alianza vigelegele. Nadhani ni yule mwenye mtoto, ambaye hakujua hata tunazungumzia nini. Shangazi aliweka simu chini kwa mikono miwili. Alinikumbatia, namba yote ya wanja ikahamia kwenye gauni langu jeupe na haikutoka tena, na sikujali hata kidogo. Niliivaa ile nguo mpaka ikachanika.

Wazee wa Kigombe walikubali kungoja siku chache, baada ya shangazi kwenda mwenyewe kuwaeleza, akarudi na samaki. Wiki iliyofuata tuliibeba kompyuta mpaka Dar es Salaam, ikiwa imevaa gauni lake na juu yake imefungwa shuka, kwa sababu boksi lilikuwa bado lina kuku. Karani alikuwa mtu mwembamba, mdogo kuliko sauti yake. Alimwamkia shangazi shikamoo, akaomba radhi kwa habari ya njaa, naye shangazi akafungua kikapu akampa bajia na kachori alizomkaangia alfajiri. Nilidhani atalia yule bwana.

Akachana muhuri mbele yetu, akaingiza mkono, akatoa kadi. Kitu chenyewe kilikuwa kipande chembamba cha kijani, hakizidi upana wa kiganja. Shangazi alikigeuza, akaitafuta namba yake, akaisoma kwa sauti tangu gimbi mpaka iliki. Kisha karani akachomeka kadi mpya na kuwasha. Kioo kikapepesa, kikatulia, na waridi langu likajitokeza jekundu, chini yake wazee wa Kigombe wamepangana vizuri pale pale nilipowaacha.

Shangazi akafungua mkoba. Akauliza sasa amlipe nani, karani au mwenye duka.

"Hulipi kitu, mama. Ni haki yako."

Akauliza basi atie sahihi wapi. Karani akasema hakuna pa kutia sahihi. Akauliza kama arudi kesho. Karani akacheka, akasema hapana, imekwisha, chukua mali yako uende salama, akamgeukia mteja mwingine.

Nikaifunga kompyuta shuka yake, nikaibeba, nikafika mlangoni. Nilipogeuka shangazi alikuwa bado pale pale, ameegemeza viwiko vyake kwenye kaunta, anatazama rafu zilizojaa vitu. Nikamwambia twende, basi litatuacha.

"Tangulia, mwanangu," akasema. "Hii ndiyo kaunta ya kwanza isiyonifukuza. Niache nisimame kidogo."